Tulisema nesi ana kijicho, mtoto tukamzika

Wakuu, salamu kwenu. Haya nayaandika yakiwa bado yaniuma, na wallahi sijaongeza chumvi.

Dada yangu anakaa Mjambere, Kisauni. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa dhaifu, akafa amekonda, mifupa mitupu. Alipompata Mwanasha, akaapa kuwa huyu hataijua njaa.

Akamlisha kweli, yeye na mdogo wake Swaleh. Asubuhi mahamri, mchana wali, jioni viazi karai au chipsi, na soda haikosi. Shule alipelekwa na kurudishwa kwa bodaboda. Ule uwanja wa kuchezea watoto ulishajengwa nyumba za kupangisha, kwa hivyo akirudi ni kochi na simu tu.

Mtoto akanenepa. Majirani wakasifu, mama anajua kulea! Nasi tukavimba vichwa.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, nesi wa dispensari ya mtaani alikwenda shuleni kwao kupima watoto. Sista Mwende, mtu wa bara, mpole kabisa. Akamfuata dada mpaka nyumbani, nami nipo. Akasema uzito wa Mwanasha umezidi, na ile shingo iliyoanza kuwa nyeusi huenda ni dalili ya sukari, apelekwe akapimwe damu.

Sasa nyinyi wa Pwani mnajua. Unene wa mtoto wa mtu hautajwi bila kusema mashallah. Yeye hakujua.

Dada akafura. "Waja kwangu kumtia mwanangu kijicho! Wa kwanza alikonda mukasema, huyu kanenepa mwasema!"

Sista akaomba radhi. Alipoondoka tu, dada akachoma chumvi na pilipili nyumba nzima kukitoa hicho kijicho. Sista akarudi siku nyingine, akabisha hodi wee, mlango haukufunguliwa.

Baadaye Mwanasha akaanza kushikwa na kiu isiyokatika. Anakunywa, anakwenda msalani, anakunywa tena. Tukasema ni joto. Akiomba soda tunampa, tena ya baridi, kwa kumwonea huruma.

Kisha akaanza kukonda. Wakuu, hapo ndipo dada aliposadiki kuwa kijicho cha nesi kimemshika mwanawe. Akamfunga uzi mweusi mkononi. Hospitali hakumpeleka.

Asubuhi moja tukamkuta anahema kwa nguvu, ukimwita haitiki. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akasema ni sukari, imepanda mno, tumechelewa. Kesho yake akafariki. Moyo wangu haujatulia mpaka leo.

Siku ya hitima, Sista Mwende alikuja amejitanda leso, akasimama nje ya geti, anaogopa kuingia. Wanawake wakaanza kunong'ona. Dada akainuka. Nikajua leo patachafuka.

Akambeba Swaleh, naye kibonge vilevile, akampa Sista mikononi.

"Mtazame huyu. N'ambie kweli, sitakufukuza."

Sista akamkumbatia yule mtoto. Akasema kwanza, "Mashallah." Halafu akashindwa kuendelea, akalia.

Funzo langu ni hili. Nesi akikufuata mpaka nyumbani kwa ajili ya mwanao, mfungulie. Hilo neno mashallah utamfundisha akishaingia.

Wazazi na manesi mlioko humu, semeni na nyinyi yaliyowakuta, nitasoma yote. Ila nawaomba, dada yangu msimtukane. Yeye alikuwa akiogopa njaa.