Dakika Nne za Kutafuta Wenzake

Jirani yangu, fundi redio mstaafu, amefufua kompyuta ya zamani iliyotupwa na ofisi fulani, kubwa kama sanduku la nguo. Aliisafisha pini moja moja kwa mswaki, na vidole vyake bado vinanuka risasi ya kulehemu. Kila ikiwashwa, huanza kwa kuzitafuta kompyuta nyingine za ofisi ile, dakika nne nzima.

“Si uifute tu hiyo amri, mzee?” niliwahi kumuuliza.

“Iache. Haijui kwamba wenzake walishauzwa kama vyuma chakavu.”

Hukaa nayo, kiganja juu ya kifuniko, mpaka iandike kwamba hakuna aliyeitika. Jana niliingia bila hodi. Maandishi yalipotokea, nilimsikia akisema taratibu, “Nipo.” Kisha akaniona, akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.