Mpinzani Pekee wa Shangazi

Shangazi yangu alifika Olimpiki akiwa amezoea mpinzani mmoja tu maishani: baba yangu, mdogo wake. Mchezo wao ulikuwa ule wa panga nyembamba, wa kuvaa kofia ya wavu usoni na kuguswa kifuani kwa ncha. Mwalimu wa shule aliyewafundisha alipohama aliwaachia panga mbili na kofia zake, na hapakuwa na mwingine aliyeutaka mchezo huo. Jioni walisogeza makochi ukutani, wakachezea sebuleni. Baba alitumia mkono wa kushoto, ndiyo maana Shangazi akamwita Shoto.

Kisha Baba akaoa, nikazaliwa mimi mharibifu, na jioni zake zikaisha. Shangazi alishinda kutwa akipiga pasi mashuka ya hoteli, akirudi anachoma kwa upanga godoro lililosimamishwa mlangoni. Majirani walimcheka. Alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulizungusha neno hilo.

Alipata Olimpiki kwa nafasi ya mwaliko, maana nchi nzima mchezaji wa mchezo huo alikuwa yeye tu. Pambano la kwanza alipangiwa mwanamke wa mkono wa kushoto, ambaye wenzake walimwogopa. Shangazi akamshinda bila jasho. Wa pili alishika upanga kwa kulia, kama watu wengi. Mwili wa Shangazi ukagoma. Akawa anakinga upande ambako hakuna kilichokuja, anaguswa na kuguswa tena, mpaka akatolewa.

Alimpigia Baba simu kutoka chumba cha kubadilishia nguo.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuponza, dada," Baba alisema.

"Acha hizo, Shoto. Bila wewe ningekuwa nimezoea godoro."

Aliporudi, panga zikapanda juu ya kabati, zikakaa huko miaka na miaka.

Muda mfupi baada ya kumzika Baba, Shangazi aliniita kwake. Nilikuta makochi yamesogezwa ukutani. Akanipa kofia ya Baba.

"Shangazi, mimi huu mchezo siujui."

"Najua. Wewe simama tu hapo, nione mtu."

Nikaushika upanga kwa mkono wa kulia, ndio mkono wangu. Akatikisa kichwa. Akautoa taratibu, akauhamishia kushoto, akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Hivyo," alisema. "Sasa inua."