Majani ya Siala na Matuta Yaliyopasuka

Nakumbuka, mwanangu, nilipokuwa mke mpya hapa karibu na Kombewa, mama mkwe alinipa kishamba changu chini ya miti ya siala. Viazi vitamu vya hapo vilikuwa vyembamba kama mikia ya panya. Alisema miti ndiyo inayokula udongo, na mchoma makaa alikuwa ameshaitwa aje aikate. Nami nilikuwa nimeipenda miti ile. Nikamwomba aniachie msimu mmoja tu, akakubali shingo upande.

Unajua desturi yetu: mke hanywi chai kabla hajafagia uwanja, na majani yaliyofagiwa huchomwa kando ya ua. Mimi nikaacha kuchoma. Nikayalundika pamoja na samadi ya mbuzi na matawi madogo niliyopunguza ili jua lifike chini, nikayamwagia maji. Kila mara nilichomeka kijiti katikati ya lundo. Kikitoka na joto, nilijua majani yanaoza vizuri. Jirani mmoja akapita akicheka.

"Nyar Bondo, kumbe kwenu mnalea takataka?"

Huku mke huitwa kwa alikotoka, nyar yaani binti wa, kwa hiyo Bondo nzima ilichekwa siku hiyo. Nilicheka naye, nikaendelea kugeuza lundo. Likaoza, likawa jeusi na laini, likinukia kama shamba baada ya mvua. Nikalichanganya kwenye matuta, nikapanda.

Kisha asubuhi moja mama mkwe akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Tuta lilikuwa limepasuka. Alikuwa amepiga magoti, vidole ndani ya ufa, akavuta kiazi kinene kama ngumi mbili. Tuta la pembeni yake nalo lina ufa, na lile jingine pia! Beseni likajaa. Akakaa papo hapo, udongo hadi viwikoni, akanitazama.

"Nyar Bondo, lete karai. Na yule wa makaa mwambie mimi sina mti wa kukata."

Miti hiyo ingali imesimama, na hadi leo nikiona ufa kwenye tuta nakimbia kama msichana.

Basi, mwanangu, weka kiberiti chini. Yalundike majani, yape maji na muda mpaka usitambue tena jani. Ya mkaratusi yaache, hayaozi upesi. Na kabla hujamwita mwenye shoka, upe mti msimu mmoja. Mungu akubariki, matuta yako yapasuke, na beseni lako lisitoshe kamwe.