Gari Lililoshukuriwa Kabla ya Kufika

Wiki hii, hapa Baraka, nilikuwa kwenye kibanda cha kutuma pesa kwa simu. Mbele yangu alisimama mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akifungua noti kwenye ncha ya kitenge.

«Tuma hii kwa hii namba,» alimwambia binti wa kibanda. «Nimeshinda gari. Iko ku mupaka, banasema nilipe kwanza douane, ile ushuru.»

Binti aliweka simu chini. «Mama, ulicheza tombola gani?»

«Sikucheza. Balinipigia tu.»

«Basi ni bezi, mama, banakuibia! Kama hiyo gari iko kweli, bauzishe tairi moja, balipe douane bo benyewe!»

Akamsukumia noti zake. Mama akazisukuma tena mbele.

Hapo nilichemka. Mama huyu namfahamu: sokoni hanunui gunia la ndagala bila kuzamisha mkono hadi chini, maana wengine huficha zilizooza. Nikamuuliza, mbona gari analilipia bila kuliona hata tairi?

Akainamisha kichwa. «Dimanche nilisimama mu kanisa, nikashukuru Mungu juu ya hiyo gari. Sasa nitabaambia nini?»

Nami nilikuwemo. Jumapili ile kanisa lilijaa, na hakuna aliyemuuliza alicheza tombola gani. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuwashinda wote, kisha nikamsubiri mlangoni, nikamwomba kiti cha mbele cha gari hilo siku atakayokwenda mjini Uvira.