Kisima Kisicho na Mwenyewe

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda Newala kununua korosho, baba yangu alinunua redio ya kaseti, miwani ya jua na kaptula ya kuogelea ya mtumba, nyekundu, yenye picha ya mnazi matakoni. Newala hakuna pa kuogelea. Bomba la maji lilikuwapo pembeni ya nyumba yetu, nasi tulilithamini sana, kwa kuwa ndipo tulipomfungia mbuzi. Maji yenyewe mama aliyafuata bondeni, akapanda nayo mlima mzima ndoo ikiwa kichwani, na mimi nyuma yake na kindoo changu.

Baba alipomposa alimwahidi kumpeleka Mtwara akaingie baharini mwili mzima. Ahadi ikazeeka pamoja na magoti ya mama. Kila alipotua ndoo alisema, "Nitakufa sijaingia majini hata siku moja," na hakuwa anatania. Basi kiangazi hicho, shule zilipofungwa, baba akawatangazia majirani kwamba siku hizi kila kitu ruksa, hata mkulima kwenda kupunga upepo. Tukapanda basi la alfajiri, na la jioni lingeturudisha.

Mwenyeji wetu alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba. Zamani alikuwa karani wa ushirika akituhubiria ujamaa. Sasa alikuwa na duka la redio na alituhubiria soko huria kwa sauti ile ile. Alitupeleka ufukweni akitembea mbele, mkono mfukoni, kana kwamba bahari nayo ameiagiza Dubai.

Tulipoyaona maji tukafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya: tukavua ndala mbali, tukasogea polepole, tukasimama. Kwetu hakuna anayeingia kisimani. Unachota kwa kata, unasogea kando, unanawa huko ili uchafu usirudi kwenye maji ya watu. Mtoto akitia mguu anachapwa na mwanamke yeyote aliye karibu, kisha anachapwa tena nyumbani. Mimi fimbo hizo nilizijua ladha yake. Hata baba na kaptula yake alikwama pale pale.

"Nayasoma maji kwanza," alisema, akarekebisha miwani.

Mama aliwatazama watoto wa Mtwara wakijirusha ndani, akashika mdomo. "Hivi hawa mama zao wako wapi?" Akachota kwa ndoo aliyotoka nayo nyumbani, akatupeleka nyuma ya mivinje, akatuogesha kwa kipimo cha Newala, kata moja kila kichwa. Kisha akaoga yeye. Tulipokauka tulikuwa weupe kama korosho za chumvi.

Baba mdogo alicheka hadi akakaa chini. "Shemeji, ingia tu! Bahari haina mwenyewe!"

"Maji yasiyo na mwenyewe mimi sijayaona," mama akajibu.

Hapo akatokea mlinzi na rungu lake. Akasema sehemu ile ni ya hoteli mpya, wanaingia wageni wa hoteli peke yao. Hoteli yenyewe haikuwa na paa bado. Ilikuwa na uzio, kibao na yeye. Baba mdogo, mtume wa soko huria, akapaza sauti kwamba bahari ni mali ya umma. Baba naye akadai anafahamiana na mkubwa fulani, lakini alipoulizwa mkubwa yupi akaanza kukohoa. Kadiri walivyofoka ndivyo mlinzi alivyozidi kukaza uso, na jua lilikuwa limeshaanza kuteremka. Nilimwona mama anakunja kanga zake. Nilijua kabisa kwamba tukiondoka hapo hatarudi tena, na niliwachukia wale wanaume wawili kwa moyo wangu wote.

Kumbe mama alikuwa amefarijika. Hatimaye kisima kimepata mtu wa kuombwa. Akamsogelea mlinzi, kijana tu.

"Hujambo, mwanangu?"

Rungu likashuka. "Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye maji?"

Kijana akaitazama bahari, kisha akatutazama. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Ndiyo, mama," akasema taratibu.

"Sisi tumetoka Newala. Naomba kuingia. Sitayachafua, nimeshaoga."

Mlinzi akageuka kutazama upande wa uzio, akageuka tena. "Ingia, mama. Ila usikawie."

Mama akanishika mkono, tukaingia. Maji yalipofika magotini akageukia ufukweni, akajifunga kanga vizuri, akakaa. Wimbi likampiga kifuani, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani, huku machozi yanamtoka.

"Yamenikalia kichwani tangu usichana wangu," akasema. "Leo na mimi nayakalia."

Baba akaita kwamba basi litatuacha. Mama akamwambia alikimbilie, si ana kaptula. Baba hakwenda kokote. Alibaki amesimama mchangani ameshika ndala zetu zote, na basi likatuacha kweli.

Tulirudi kesho yake. Mbuzi alikuwa bado amefungwa bombani. Mama akasokota ngata, akachukua ndoo, tukashuka bondeni.