Mishono ya Mama Numbi

Mama Jaël, jirani yangu wa upande wa bomba, ndiye aliyeniletea ile habari. Nilikuwa nafua nepi za Providence. Alisimama na ndoo tupu mkononi, akasahau kuteka maji.

"Mama Providence, umeona Mama Numbi? Eko anavaa libaya yake kinyume. Mishono yote inje. Bamama ba kanisa banasema mutu akivaa vile, ni juu ajue njia ya kurudia kwake asubui."

"Kurudia kutoka wapi?"

"Weye nawe. Kutoka kule balozi banaendaka usiku na buchawi yabo. Na dimanche alitoka mu maombi katikati, jasho sawa mutu anatoka ku furu ya kuyeyusha shaba. Siku ya samedi batamuombea pepo itoke. Akikatala, kikwembe ya fête ya kanisa, ile kitambaa moja ya bamama bote, hatavaa."

Niliendelea kukamua nepi. Ukimya wangu ulinisumbua juma zima, kwa sababu aliyeligeuza lile libaya, blauzi yake ya kikwembe, ni mimi.

Mama Numbi anapika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, anauza mbele ya mlango wake. Ana ndoo tatu nyeupe, kila moja na mahali pake. Ukisogeza moja, anaacha kazi mpaka airudishe. Hakuangalii machoni, anaangalia kikombe chako. Wakipima vyombo vya muziki kanisani, anatia pamba masikioni. Tangu utoto wake watu walisema "eko na kichwa yake," wakaishia hapo, maana munkoyo yake haikubadilika ladha hata siku moja.

Mwaka juzi damu yake ya mwezi ilianza kuja ovyo, kisha ikakoma. Joto likawa linampanda kutoka tumboni mpaka kwenye nywele. Na yale aliyokuwa akivumilia zamani yakamshinda: ngoma, harufu ya sabuni, watu wawili kusema pamoja. Siku moja nilimkuta ameketi chini nyuma ya nyumba yake, mikono imeshika mabega, chungu kimeungua motoni.

"Mishono inaniuma," alisema. "Sawa siafu."

Nikamvua libaya, nikaligeuza, nikamvika tena. Alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na tangu siku hiyo akalivaa hivyo hivyo.

Nilimsindikiza mpaka kwa muuguzi wa dispansari. Yule mama alimwambia si ugonjwa wala uchawi, ni ménopause, kukoma kwa hedhi, kila mwanamke ataipita. Mama Numbi akamwuliza mbona yake ina kelele hivi. Akaeleza kwamba huko Lubumbashi madaktari walimpima mjukuu wa dada yake, wakasema ni autiste, mwenye usonji. Dada alipomsomea ile karatasi kwenye simu, yeye alijibu, "Ile ni minye," kwamba karatasi ilimsema yeye mwenyewe. Muuguzi akafikiri kidogo. Akasema basi ngozi yake na masikio yake vilizaliwa vikisikia kuliko vyetu, na sasa mwili unapogeuka, vinasikia mara mbili.

Jumamosi, ile samedi, kanisa lilijaa kuliko siku ya Noeli. Nilisimama karibu na mlango, mtoto mgongoni. Mama Numbi akaingia na libaya lake kinyume, akapita kandokando ya ukuta kama kawaida yake.

Mama Émilienne, présidente wa bamama, alimwonyesha mkeka. "Ndugu yetu Numbi, geuza libaya kwanza. Kisha upige magoti."

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Inaniuma. Na siko na pepo. Mwezi yangu imekwisha. Miezi kumi na ine sijaona damu."

Bibi mmoja alikohoa. Mwingine akanong'ona, "Anasema ile mbele ya batoto." Maana mambo hayo kwetu yanasemwa chini kwa chini, jikoni, na wakati mwingine hayasemwi kabisa.

Lakini Mama Numbi hajui kusema chini. "Hata weye, présidente. Tangu Pasika ulihama kiti, unakaa ku dirisha. Unajipepea na kitabu ya nyimbo. Ya kijani, juu ile ya bleu ni kidogo, haina upepo. Dimanche ulijipepea mara saba. Balikuombea?"

Nyuma kule kicheko kilimponyoka mtu, kikazimwa na kiganja. Mama Émilienne alitazama kitabu cha kijani mkononi mwake, akakiweka juu ya meza polepole. Jasho likamtiririka kwenye paji la uso. Hakulipangusa.

"Weye unapata joto," Mama Numbi alisema. "Minye napata joto, na kelele, na mishono. Nilizaliwa hivi. Nilibeba matofali ya hii kanisa hivi hivi, na hakuna mutu alisema matofali iko na pepo."

"Kama haupigi magoti, kikwembe ya fête hautavaa." Sauti ya présidente ilikuwa imeshuka.

"Nilishanunua. Iko mu nyumba yangu. Nitavaa."

Akatoka kandokando ya ukuta ule ule. Macho yote yakamfuata, kisha yakanifikia mimi pale mlangoni. Mama Jaël alikuwa ubavuni kwangu. Nikamgeukia.

"Ile libaya ni minye nililigeuza," nikasema.

Nilisema kwa sauti ndogo. Lakini kumwambia Mama Jaël ni kuiambia avenue nzima.

Jumatatu asubuhi wanawake wawili walikuja kuchukua vikwembe walivyokuwa wameniachia nishone, hata havijakatwa. "Tutarudia siku ingine," walisema. Nikabaki na mashini yangu ya kushonea na Providence anayenyonya. Mama Numbi akaingia bila hodi, akaweka juu ya mashini kikwembe cha fête, kimekunjwa mara nne, kona juu ya kona.

"Unishonee libaya. Mishono inje."

"Mama, naweza kuikunja ndani, niifunike na kitambaa laini. Haitakuuma, na hakuna mutu ataona."

"Ile ni kuficha."

Alisogea dirishani, ambapo nyuzi zangu zimepangwa. Akapitisha kidole juu yao moja moja. Akaruka ile ya bleu inayofanana na kikwembe. Akachukua nyekundu, akaniwekea kiganjani.

"Shona na hii," alisema. "Baone kutoka mbali."