Fosfidi ya Alumini Si Jina la Shetani

Niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu haya, mchana, na sikuwa na homa. Pasta alisema nimechanganyikiwa. Wamama wa kwaya wakasema natafuta sifa. Nisikilizeni kwanza, halafu mniite mtakavyo. Kunyamaza sinyamazi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi. Zamani, kule Bukavu, nilisomesha kemia kwenye sekondari, lakini kambini sikumwambia mtu. Nani anamuuliza fundi cherehani habari za kemia?

Ilikuwa kama saa tisa, mvua inapiga bati, mimi niko peke yangu napiga pasi sketi ya shule. Akaingia mwanamke mwenye kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, ncha moja imefungwa fundo. Alikuja na harufu ya kitunguu saumu, kali mpaka nikageuza uso. Na hakuwa na tone la mvua mwilini. Hilo niliona, niamini, ila sikulifikiria. Mteja akiingia, unamkagua?

"Madame," akaniita kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, vile wanafunzi wangu walivyoniita zamani. "Hii jina iko ya nani?"

Akafungua fundo, akanipa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye kopo. Nikaisoma mara mbili. Jina lile nilikuwa sijalisoma miaka mingi.

"Si jina la mtu," nikamwambia. "Ni fosfidi ya alumini."

"Bantu banasema ni shetani njo anaitwa hivyo."

"Banadanganya! Ni fosforasi imeshikana na alumini, madini ya sufuria. Wanatengenezea vidonge vya kuua wadudu kwenye ghala la mahindi. Ikipata unyevu, hata ule wa hewa tu, inatoa hewa ya sumu inayoitwa fosfini, inanuka kitunguu saumu. Ghala linafungwa, na ndani halali mtu."

"Na kama ghala iko chumba ya kulala?"

Nikaiangalia tena ile karatasi.

"Inaua na batoto?"

"Inaua, mama. Inaua na batoto."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi si mama mukwe. Kesho banamuhukumu kanisani. Madame, uende useme."

Niligeuka kuiondoa pasi isiunguze sketi. Nilipoinua uso hakuwepo, na karatasi ilikuwa mezani.

Usiku sikulala. Habari za Bibi Leokadia nilikuwa nazo, kama kila mtu. Ni mzee wa Kirundi; mkwe wake na wajukuu wake wawili walikutwa wamekufa chumbani, penye magunia ya mahindi, yeye mzima. Alikuwa amelala barazani kwa sababu ya joto. Basi watu wakasema: kwa nini yeye peke yake amebaki, kama si mchawi? Mlango wake walikuwa wameshauvunja.

Asubuhi nilikwenda kanisani. Bibi alikuwa ameketi chini, kichwa amefunika. Nikasimama kabla pasta hajamaliza, nikainua ile karatasi na kulitamka jina, kisha nikaeleza maana yake neno kwa neno.

"Kaa chini, mama," pasta akasema. "Hapa si shuleni."

"Sikai! Mlitaka jina la aliyeua, nimewapa!"

Ndipo Melkiori, mtoto wa Bibi na baba wa wale watoto wawili marehemu, akaja mbele polepole. Alikuwa fundi mwashi Lilongwe, mtaa wa Area 23, na siku ya msiba hakuwepo. Akaitazama karatasi.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mwanamke wa kitenge cha kijani, chenye ndege."

"Vidonge nilinunua mimi, sokoni Area 23. Muuzaji alivifunga ndani ya karatasi hii. Mke wangu aliifungia kwenye fundo la kitenge chake." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Tulimzika nacho."

Wamama wa kwaya wakasogea mbali na mimi.

Pasta alisema tumepanga uongo. Basi tukapanda minibasi, mimi, Melkiori na mzee mmoja wa kanisa, mpaka Area 23. Muuzaji alikuwa na kopo lilelile chini ya meza, lebo yake imechanwa. Mzee wa kanisa akaiweka karatasi yetu pale penye pengo kwa mkono wake mwenyewe. Ikaingia sawasawa. Jioni alimwendea Bibi Leokadia na kupiga magoti.

Mnadhani yaliisha? Kwenye kwaya nimetolewa, eti ninaongea na wafu. Wateja wengine hupita mbali na mlango wangu. Mkono huu wa kulia, uliopokea karatasi, hauna joto hadi leo, hata nikiukaribisha kwenye makaa. Bibi ninaishi naye. Wanaotaka kumfukuza waanze na mimi.

Na wewe unayenisikiliza, huna haja ya kuamini kwamba maiti alikuja kwangu. Lakini mahindi yenye vidonge vile usilale nayo chumba kimoja, hata siku moja, hata dirisha likiwa wazi. Na wakija kukuonyesha bibi kizee na kusema ndiye mchawi, uliza kwanza watoto walilala wapi. Uliza kwa sauti. Ukiambiwa ukae chini, simama.